Mtani wa Kunizika

Kwa miaka mingi palikuwa na mwanamke mmoja hapa Likasi aliyengojea kifo changu kwa hamu, wala hakuficha. Aliingia uani kwangu bila hodi, akachukua kofia yangu kwenye msumari, akaivaa, kisha akatembea kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye bomba la maji huku ametanua magoti. Akifika bombani anageuka.

"Munungwe, haina vile njo unatembeaka?"

Nilimwambia mimi sitembei kama bata.

"Bata iko na haya. Weye hauna."

Alikuwa mtani wangu. Sisi watu wa Katanga husema munungwe, na utani wenyewe tunauita bunungwe. Ukoo wangu ni wa mvua, wake ni wa uyoga, na tangu enzi za mababu watu wa mvua na watu wa uyoga wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana kuku na kuitana majina ambayo yangewafanya ndugu wa damu washikane mashati. Sisi huwaambia kwamba bila mvua wangeozea udongoni. Wao hujibu kwamba mvua isiyootesha uyoga ni matope tu. Lakini mzaha huo una kazi yake. Mtu akifa, watani wake ndio wanaoingia kwenye kilio wamevaa nguo zake, wanaiga mwendo wake na sauti yake, uroho wake na ubahili wake, mpaka mjane aliyekuwa akigaragara chini anashikwa na kicheko. Wazee walisema asiyechekwa na watani wake amezikwa mwili tu.

Basi mimi nilikuwa zamu yake. Tulizaliwa mtaa mmoja, kambi ya wafanyakazi, mama zetu wakichota maji bomba moja, na tangu utotoni alikuwa ananitazama kama mpishi anavyomtazama mbuzi wa Krismasi. Yeye mwenyewe alijaliwa kuchekesha. Msimu wa mvua aliuza uyoga kando ya barabara na kupiga kelele: "Mukuye! Ninauzisha bandugu yangu, beko batamu kabisa!" Mteja akisita, akiuliza kama uyoga hauna sumu, alichukua mmoja, akautafuna mbichi, akatoa macho, akashika koo na kuanguka chali katikati ya soko, miguu juu. Watu walipiga mayowe. Kisha akafungua jicho moja. "Munaona? Haina sumu. Mulete sahani." Niliona mchezo huo mara nyingi sana, na kila mara jicho lile lilipofunguka nilicheka kana kwamba sijawahi kuuona.

Tulipozeeka, alianza kuwa na shida moja, akaniletea mimi mwenyewe, kama fundi cherehani anavyokuja kupima.

"Siku yako nitaonyesha weye gani? Juu uko bantu mingi."

Siku ya kwanza nilicheka. Baadaye swali hilo lilininyima raha, nami si mtu wa kunyimwa raha kimyakimya, kwa hiyo nilimfokea. Alichukua kofia yangu akaenda nayo. Nikabaki peke yangu na swali lake.

Ni kweli nimekuwa watu wengi. Watu husema hujafa hujaumbika. Mimi nimeumbika na kuumbuka mara kadhaa, na kila mara nilidhani ndiyo ya mwisho.

Palikuwa na kijana wa baiskeli. Huyo alipenda mashindano kuliko chakula. Asubuhi za Juni, baridi inakata masikio, alikuwa barabarani kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, ameinama juu ya magurudumu membamba, mdomo wazi. Alisikia kwamba mabingwa wa Ulaya hunyoa miguu, akaiba wembe wa baba yake akanyoa yake, na mama yake akalia siku nzima akidhani mwanawe amerogwa. Hakuwahi kushinda. Alikuwa wa pili mara nyingi mno, mpaka akakijua kisogo cha mshindi kuliko uso wake mwenyewe. Nikimfikiria leo namwonea huruma na wivu kwa pamoja. Munungwe wangu alimpenda huyo kuliko wengine wote. Alikuwa akikumbatia mgongo wa kiti, matako juu, ulimi nje, halafu anageuka nyuma kutazama kama anafuatwa, na hapo ndipo kichekesho kilipo, kwa maana hapakuwa na sababu ya kutazama nyuma, adui alikuwa mbele.

Kijana huyo alikufa bila kilio siku alipoandikwa kazi kiwandani, kwenye asidi. Aliyezaliwa mahali pake alikuwa mtu mzima, mume wa mtu, mwenye tumbo dogo la heshima. Matone ya asidi yalitoboa nguo zake za kazi zikawa kama zimeliwa na panya, naye alizivaa hadi sokoni kusudi watu waone matundu. Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuelewa. Mtu wa kampuni alikuwa na nyumba, unga ulikuja kwa wakati, mtoto akiumwa kulikuwa na hospitali. Nilikuwa najua mashine zangu kwa sauti, na mlio ukibadilika nikiwa usingizini, hata kutoka mbali, niliamka. Niliipenda kazi ile, nasema wazi, hata kama leo mtu anayesema hivyo anaonekana mjinga. Munungwe alimwiga akiwa na sufuria kichwani badala ya kofia ngumu, mikono nyuma, anapita kwenye nyanya.

"Mutu ya kampuni anaulizaka bei na Kifaransa, kisha anabishana na Kiswahili."

Mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, alicheka mpaka akaketi chini.

Kisha mshahara ukaanza kuchelewa. Ukazoea kuchelewa. Mwishowe hatukuitwa tena, na mtu wa kampuni akabaki nyumbani akivaa nguo zake za matundu kila asubuhi, anaketi, anangoja king'ora. Njaa ilimtoa hapo. Niliitoa baiskeli yangu nzito, si ile ya mashindano, nikafuata wenzangu Shinkolobwe.

Mgodi wa Shinkolobwe umefungwa, na kila mtu anajua njia ya kuingilia. Nyumbani nilisema nakwenda shambani. Nilichimba na watu ambao hatukuulizana majina ya koo, tukateremka kwenye mashimo yasiyo na nguzo, na jioni nilisukuma baiskeli yenye magunia kwa miguu ile ile iliyokuwa imenyolewa. Nilipaswa kuchukia. Ninachoona vigumu kusema ni kwamba nilipenda. Ukishagonga jiwe likang'aa, mkono hautaki kuacha. Ni kama kamari, isipokuwa chini ya meza kuna kaburi. Nilikuwa baba mwenye watoto, na nilikuwa natamani shimo kama kijana anavyotamani msichana. Mdogo wangu alinifuata huko, naye akapenda kama mimi. Siku moja udongo ulimfunika. Tulimtoa kwa mikono, na tulipomtoa sikuwa na haja ya kuuliza kitu.

Kilio chake ndicho kilichonifundisha munungwe ni nini. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kuazima. Hakuwahi kuvaa kiatu chake mwenyewe. Alivaa cha jirani, cha shemeji, cha padri hata, akakirudisha kimepasuka. Mama yetu alikuwa hajala wala hajasema tangu mwili uletwe. Mara mwanamke yule akaingia peku, uso umepakwa vumbi la mgodi, akapita kati ya waombolezaji akiwavua viatu. "Uniazime, kesho ninarudisha." Akavijaribu kimoja kimoja, akalalamika vinambana. Akafika kwenye jeneza, akagonga. "Ndugu, kule unaenda uko na viatu, ao nikuazimie?" Mama yangu alitoa sauti ambayo nilidhani ni pumzi ya mwisho. Ilikuwa kicheko. Akacheka, akalia, akacheka, kisha akaomba maji. Nikamwona mdogo wangu hapo uani, mzima, yeye mwenyewe na uazimaji wake, na ndipo nikaweza kumzika. Tangu siku hiyo nilijua ninachokitaka siku yangu ikifika. Sikutaka jeneza zuri wala padri mashuhuri. Nilimtaka huyo mwanamke.

Palikuwa na mmoja tena kati ya watu niliokuwa. Baada ya msiba nilishikwa na maombi. Niliiacha parokia nikaingia chumba cha maombi, nikafunga mpaka suruali ikanishuka, nikalala kwenye sementi baridi nikinena kwa lugha. Tulihubiriwa kwamba bunungwe ni mambo ya mapepo, nami nikasimama mbele ya watu nikahubiri hivyo hivyo, kwa sauti kubwa. Munungwe akapata habari. Alikuja kwenye geti langu saa ya maombi, akapiga magoti barabarani, akafumba macho na kuanza kunena kwa lugha kwa sauti yangu. Katika lugha hiyo niliweza kusikia "bukari", yaani ugali, "samaki ya Tshangalele", ziwa letu, na jina la timu yangu ya mpira. Mtaa mzima ulitoka. Nilifungua geti nimfukuze, nikamwona amekunja uso kama mimi ninavyoukunja, na kicheko kikaniponyoka. Wokovu wangu uliishia hapo. Nikarudi kwa padri wangu.

Na sasa ni huyu. Huyu anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwa binti yake na anakohoa. Daktari aliyasikiliza mapafu yangu, akatikisa kichwa, hakusema ugonjwa umetoka wapi, nami sikumsaidia, kwa maana kila mmoja wa wale watu angeweza kuwa ameuleta: yule wa baridi ya Juni, yule wa mvuke, yule wa vumbi, yule wa sementi. Binti yangu ni mwema. Ananichemshia maji, ananifunika begani. Alikuwa mdogo sana wakati wa kiwanda, na mgodi tulimficha. Anamjua mzee mmoja tu, mpole, mwenye kikohozi. Nimejaribu kumsimulia baiskeli. Hunisikiliza huku akichambua sombe, yale majani ya muhogo, na nikimaliza husema, "Pole, papa," kana kwamba nimesimulia ugonjwa.

Ndiyo maana nilimhitaji munungwe. Karibu watu wengine wote waliowajua wale wanaume wamekufa. Yeye peke yake alikuwa nao wote, mwilini mwake, kwenye magoti na mabega yake, tayari kuwatoa. Nilipomwona anapita barabarani na beseni lake nilijihisi salama, ingawa angenitukana mbele ya watu.

Kiharusi kilimpiga akiwa anaosha vyombo. Kiliuchukua upande mmoja wa mwili na maneno yote. Nilikwenda kumwona kwa miguu, nikipumzika kwenye kila ukuta. Wanawe walikuwa wamemlaza chumba cha mbele, safi, amefunikwa shuka nyeupe, redio ya mahubiri inaongea kichwani pake. Mkubwa wao, mwanamume mwenye kazi nzuri kwenye duka la vipuri, alinipa kiti kwa heshima. Nilimwambia mamake, "Munungwe, umelegea sawa bowa ya jana," yaani uyoga uliolala. Nilitaka anijibu. Aliniangalia kwa jicho moja ambalo bado lilikuwa lake. Nikaona anakusanya nguvu. Mkono mzima ukapanda polepole hadi kifuani, bega likajikunja, na kwenye nusu ya mdomo ikatoka sauti: kikohozi changu. Kikavu, kirefu, na ule mluzi mdogo mwishoni ambao mimi nilidhani hausikiki.

Mwanawe alimwinua haraka akidhani amepaliwa. Mimi nilijua. Hakuwahi kumwiga huyo mzee wa kikohozi hata mara moja, miaka yote. Nilisikia uchungu, nikamkataa huyo kwa hasira, "Haina huyo. Munungwe, haina huyo." Lakini wengine walihitaji miguu, na hakuwa na miguu tena. Alimtoa aliyeweza kumtoa. Aliniangalia kuona kama nimecheka. Sikucheka, na hilo linaniuma mpaka sasa kuliko mapafu.

Alifariki mvua zilipoanza, barabara imejaa uyoga.

Nilijua wajibu wangu. Mvua inauzika uyoga, na uyoga unaizika mvua. Aliyetangulia ndiye anayehudumiwa. Nilikuwa na kikwembe chake, cha rangi ya kijani, nilichokinyakua zamani kwenye kamba yake kwa haki ya utani. Nilikifunga kiunoni juu ya suruali. Nikafunga kitambaa kichwani. Nikanunua uyoga kwa msichana wa barabarani, nikaweka kwenye beseni. Binti yangu aliniona, akakunja uso, akanishika mkono tukaenda. Njiani nilikuwa na furaha, na sioni aibu kusema hivyo. Kifua kilikuwa chepesi. Nilikuwa nampelekea rafiki yangu deni ambalo ni yeye tu angelitambua.

Walikuwa wamefunga turubai kubwa. Viti vimepangwa, vipaza sauti viwili, wanawe wote na wajukuu wamevaa kitambaa cha aina moja. Juu ya jeneza palikuwa na picha yake ya uzeeni, amefunga kilemba cheupe, mdomo umefungwa. Pasta alikuwa anasoma maisha ya marehemu: alizaliwa, akaolewa, akampokea Bwana, akalala. Niliwatafuta wazee wa ukoo wangu waingie nami. Sikuona hata mmoja. Wengi wako makaburini, na waliobaki hawatembei.

Niliingia peke yangu. "Mukuye! Ninauzisha bandugu yangu, beko batamu kabisa!" Sauti ilitoka vizuri, ya juu, ya kwake. Vichwa viligeuka. Nikatembea kati ya viti nikitikisa kiuno, nikamtolea uyoga mama mmoja mnene, akausogeza kwa ncha ya kidole. Nikafika mbele ya jeneza. Nikachukua uyoga, nikautafuna mbichi. Nikatoa macho, nikashika koo, nikaanguka chali, miguu juu, kama yeye.

Wakapiga mayowe. Hapo nilifurahi, maana mayowe ni sehemu ya mchezo. Lakini hawakusimama mbali kama watu wa soko. Walinikimbilia. Mtu akanifungua vifungo vya shati, mwingine akanimwagia maji usoni, pasta akaniwekea mkono kwenye paji la uso na kuanza kukemea. Nilisikia binti yangu akilia, "Papa! Kifua yake! Iko na mugonjwa ya kifua!" Nilifungua jicho moja.

"Munaona?" nikasema. "Haina sumu. Mulete sahani."

Hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yananiingia masikioni. Nilitazama nyuso zile kutoka chini, moja baada ya nyingine, nikitafuta hata mdomo mmoja unaotetemeka, na nikaelewa kwamba katika watu wote wale, watoto aliowazaa na wajukuu aliowabeba, hapakuwa na mtu aliyemwona sokoni. Aliacha kuuza uyoga wangali wadogo. Waliomjua walimjua kwa kilemba.

Mwanawe mkubwa alinisaidia kusimama. Alinifuta uso kwa leso yake, kijana mwenye adabu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Papa, tunaomba samahani. Mambo ya bunungwe shiye tulisha kuacha. Na tena," akapunguza sauti watu wasisikie, "mama hakukuwaka vile."

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa vile hasa. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, jinsi mama yake alivyovua viatu vya watu, alivyonena kwa lugha ya samaki. Kikohozi kikanitangulia. Nilikohoa mbele ya jeneza lake mpaka nikainama, na watu wote wakanionea huruma, na huyo mzee wa kikohozi wakampisha njia na kumpa kiti.

Hatukungoja mazishi. Binti yangu alinirudisha kwa teksi, akanikalisha kitandani, akapiga magoti anifungue kikwembe kilicholowa. Fundo lilikuwa limekaza. Alilifungua kwa vidole na meno, bila haraka, kisha akakunja kile kitambaa na kukiweka kando. Alidhani nalia kwa fedheha. Alinishika mikono yote miwili. Hajawahi kunisemesha kwa upole kama ule.

"Papa, usiogope. Siku yako weye, hakuna mutu atakucheka. Minye mwenyewe nitasimama ku mulango."

Najua atasimama. Ni mtoto wa kutimiza neno lake. Nikamwambia aksanti.